Kurudisha bodi ya Hilux ya zamani: kutoka mipira ya kabini mpaka kasha la mizigo

Mlango wa pikapu ya zamani ukikataa kufunga, watu hukimbilia nyundo, na nyundo ikishindwa wanakimbilia mastiki, ile dawa ya kujazia mabonde ya bati. Mara nyingi kosa haliko mlangoni. Liko chini, kwenye chesisi au kwenye mipira inayobeba kabini, na ukilifunika kwa mastiki na rangi nzuri litajitokeza upya baada ya kupita mara chache barabara ya Likasi, tena likiwa na ufa juu yake.

Mwongozo huu ni wa fundi, au wa mwenye gari anayesimama karibu na fundi wake, ambaye ameshakata kutu, ameshachomelea sakafu na vizingiti vya chini ya milango, na sasa ana mabati yameegemea ukuta na ndoo ya bolti zilizochanganyika. Swali lake ni moja: naanzia wapi?

Anzia kwenye kile kisichosogea. Nguzo ya nyuma ya mlango imechomelewa kwenye kabini. Haina bolti ya kulegeza wala tundu la kurefusha. Basi mlango unaifuata nguzo hiyo, madigadi (bati linalofunika gurudumu la mbele) inaufuata mlango, boneti inazifuata madigadi mbili, na grili inakuja mwisho kabisa. Gari nyingi ninazoziona Katuba na Ruashi, hapa Lubumbashi, Kongo, zimefungwa kinyume. Wameanza mbele kwa sababu mbele ndiko kunakovutia macho, na kila milimita iliyokosewa kwenye rejeta imesukumwa nyuma mpaka ikakusanyika mlangoni, mahali ambapo mwenye gari anapashika kila siku.

Mfano wangu ni Toyota Hilux ya kizazi cha tatu na cha nne, zile za kati ya 1978 na 1988. Jina la Hilux lilianza 1968, na ile inayovuta kwa magurudumu manne ikafuata 1979, lakini hizi za miaka ya themanini ndizo bado zinaingiza makaa na mahindi mjini Lubumbashi. Ujenzi wake hauna siri: chesisi ya ngazi, kabini iliyokaa juu ya mipira, kasha la mizigo lililofungwa peke yake, na karibu kila bati la mbele limeshikwa kwa bolti. Land Cruiser za zamani zinafuata njia ileile, ila bawaba za milango yake ziko nje.

Msimu, bolti na mabati ya gari jingine

Kazi hii ina msimu wake. Kwetu mvua inanyesha kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi, karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na bati lililosuguliwa mpaka chuma kitupu halivumilii hata usiku mmoja wa unyevu huo. Panga kulinganisha mabati na kupaka rangi kati ya Mei na Agosti. Septemba bado ni kavu, lakini upepo umeshaamka na vumbi jekundu linaingia kila mahali. Juni na Julai, asubuhi ni baridi kweli, maana mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mastiki ya poliesta haikauki vizuri kwenye bati lililo chini ya nyuzi joto 15. Mpaka saa nne fanya kazi za spana. Mastiki na rangi vingoje jua lipashe bati.

Kabla ya chochote, mwaga ile ndoo ya bolti juu ya kitambaa na uzipange. Kwenye gari la Kijapani la enzi hizo, bolti ya M6 (yaani yenye unene wa milimita 6) ina kichwa cha spana namba 10, M8 namba 12, M10 namba 14, M12 namba 17. Ukikuta kichwa cha 13, ujue kuna mtu alipita hapo kabla yako na bolti ya dukani. Hilo peke yake si baya, kwa sababu M8 ya kichwa cha 13 kwa kawaida ina nyuzi zilezile za 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi. Hatari iko kwenye M10. Toyota hutumia nyuzi za 1.25, wakati M10 ya kawaida ya dukani ni ya 1.5. Itaingia mizunguko miwili kisha itakaza, na mwenye haraka ataongeza bomba kwenye mpini wa spana. Nati iliyochomelewa ndani ya nguzo itang'oka, na kuifikia itabidi ukate bati zima. Nenda dukani na bolti ya zamani mkononi, uweke nyuzi kwa nyuzi mbele ya dirisha. Zikilala pamoja bila mwanga kupita katikati, nunua.

Kila nati iliyochomelewa isafishwe nyuzi. Mwenye tapu, kile chombo cha kukatia nyuzi ndani ya tundu, aitumie. Asiyenayo achukue bolti nzima ya kipimo hichohicho, aibane kwenye jiliwa, akate mifereji mitatu kwa urefu wake kwa msumeno wa chuma, aondoe makali kwa tupa, aipake mafuta, kisha aiingize taratibu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma. Kutu na rangi ya zamani vitatoka vimejaa kwenye ile mifereji. Itoe, ifute, rudia. Umemaliza pale ambapo bolti safi inaingia kwa vidole mpaka mwisho.

Kuhusu mabati ya gari jingine: mengi yanatufikia kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na Zambia wanaendesha upande wa kushoto wa barabara, sisi upande wa kulia. Milango, madigadi na boneti za gari la usukani wa kulia zinaweza kutumika kwenye lako, lakini bati lililo chini ya kioo cha mbele lina matundu ya waipa yaliyogeuzwa. Usilinunue ukidhani utalitoboa upya. Madigadi mpya za bei nafuu zina shida nyingine. Bati lake ni jembamba na matundu mara nyingi hayakutani na nati. Ukiwa na madigadi ya asili iliyooza chini tu, ikate pale chini uichomelee kipande. Itakaa vizuri kuliko mpya mbaya.

Chesisi na mipira ya kabini

Gari liwe juu ya magurudumu yake, injini na gia zikiwa ndani. Chesisi ya pikapu hujipinda kidogo inapobeba uzito, na mianya utakayoipanga gari likiwa tupu juu ya vigogo itabadilika siku utakayolishusha.

Sakafu za garaji zetu nyingi ni udongo, kwa hiyo usiuamini usawa wa macho. Tumia mpira mwembamba wa maji, ule ambao waashi wanautumia kupima msingi. Ujaze maji bila mapovu ya hewa, ncha moja iwe kwenye bano la kabini (kishikio cha chuma kwenye chesisi) la mbele kushoto, nyingine ihame kutoka bano hadi bano. Maji hayadanganyi: kushoto na kulia vinapaswa kulingana, na kama havilingani weka vibao chini ya magurudumu mpaka vilingane. Baada ya hapo pima pembe kwa pembe. Kutoka tundu la bano la mbele kushoto mpaka la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Tofauti ya milimita 2 au 3 unaweza kuendelea nayo. Ikizidi 5, chesisi iende kunyooshwa kwanza; hakuna bawaba itakayorekebisha hilo.

Mipira ndiyo mahali watu wanapobana pesa, na mimi naomba msibane hapo. Mpira wa zamani umebanwa na uzito kwa miaka arobaini, tena si sawa pande zote: upande wa dereva umelala zaidi, na ule uliomwagiwa mafuta ya injini umekuwa laini kama chapati. Kubadilisha miwili ya mbele tu na kuacha ya nyuma ni kuinua pua ya kabini na kuegemeza paa lake upande wa kasha. Badilisha yote kwa pamoja.

Mipira ya asili ikikosekana, mafundi wetu huikata kutoka tairi. Inawezekana, kwa masharti mawili. Vipande vyote vitoke sehemu moja ya tairi moja, vyenye unene uleule uliopimwa kwa kalipa, kwa sababu tairi lina nyuzi ndani na halibaniki sawa ubavuni na kwenye sehemu inayokanyaga barabara. Na kila kipande kiwe na bomba la chuma katikati, ambamo bolti inapita. Bomba hilo, fupi kidogo kuliko mpira, ndilo linaloamua mpira ubanwe kiasi gani. Pasipo bomba, kila fundi atakayepita atakaza kadiri ya nguvu zake, na kabini itashuka pembe moja baada ya nyingine.

Kabini ikikaa, ingiza bolti zote bila kukaza. Sasa pima mdomo wa mlango, kila upande, pembe kwa pembe: kutoka kona ya juu mbele mpaka chini nyuma, na kutoka juu nyuma mpaka chini mbele. Andika vipimo kwa chaki kwenye sakafu ya kabini na ulinganishe kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa tofauti, kabini imejipinda. Ongeza kibati chembamba chini ya mpira wa pembe moja, pima tena, ubaki na kinachosaidia. Kibati cha milimita 1 au 2 kinatosha kubadilisha mlango mzima. Kaza bolti za kabini pale tu ambapo pande mbili zinakubaliana, halafu pima mara ya mwisho, kwa sababu kukaza nako husogeza.

Milango

Hapa ndipo penye kazi, na hapa usihesabu saa.

Anza na bawaba ukiwa nazo mezani. Shika jani moja, tikisa jingine. Ukisikia kugonga, pini au bushi imeliwa, na mlango utashuka hata ukipangwa vipi. Lubumbashi hatuna kisingizio: huu ni mji wa shaba, na mafundi wa kukereza vyuma wapo. Mpelekee fundi pini na bawaba, akukerezee bushi za bronzi na pini ya chuma kigumu. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na rangi utakayoiharibu kwa mlango unaokwaruza.

Ondoa kipokeo cha kitasa, kile chuma cha kwenye nguzo ya nyuma ambacho mlango unakishika ukifungwa. Ondoa pia mpira wa kuzuia vumbi. Vitu hivi viwili vinasukuma na kuvuta mlango, na wewe unataka kujua mlango unakaa wapi wenyewe. Lakini kioo na mashine yake ya kupandisha viwe ndani. Mlango mtupu ni mwepesi. Ukiupanga hivyo, siku utakayoweka kioo utashuka milimita kadhaa.

Kwenye Hilux, bolti za bawaba upande wa nguzo zinasogeza mlango mbele na nyuma, juu na chini. Zile za upande wa mlango zinausogeza ndani na nje, na juu na chini pia. Usilegeze seti mbili kwa wakati mmoja. Mtu mmoja ashike mlango, au weka jeki ya chini yenye kibao na kitambaa, halafu mwingine alegeze kiasi kwamba bawaba inasogea kwa kugongwa kidogo na kiganja.

Lengo ni mwanya wa milimita 5 hivi kati ya mlango na nguzo ya nyuma, sawa kutoka juu hadi chini. Kipimo rahisi ni shina la biti ya kutobolea ya milimita 5. Lipitishe mwanyani kutoka juu: linapokwama pameziba, linapocheza pamepanuka. Gari la kazi la miaka hiyo halikutoka kiwandani na mianya ya saa ya mkononi, kwa hiyo 4 mpaka 6 ikubali, ilimradi mstari uwe mmoja na usibadilike ghafla.

Soma mwanya kabla ya kushika spana. Ukiwa mwembamba juu nyuma na mpana chini nyuma, mlango umening'inia: inua kwa bawaba, au sogeza bawaba ya juu mbele kidogo. Ukiwa mwembamba kotekote nyuma, rudisha mlango mzima mbele. Ukiwa sawa lakini mlango umetokeza nje juu na kuingia ndani chini, usiguse bawaba kwanza. Huenda mlango wenyewe umepindika. Ulaze juu ya blanketi kwenye meza iliyonyooka uone kama pembe zote nne zinagusa. Mlango uliopinda hunyooshwa kwa kuweka kibao chini ya kona moja na kusukuma kwa mikono, polepole, kisha unajaribiwa tena.

Usawa wa uso nao una kanuni ya upepo: bati lililo nyuma lisitokeze kuliko lililo mbele yake. Ukingo wa mbele wa mlango uwe sawa na madigadi au ndani kwa nusu milimita. Ukitokeza, utakusanya upepo na vumbi, na utapiga kelele ukifika kilomita 80 kwa saa.

Milango miwili ikikubali, kaza bawaba na urudishe kipokeo cha kitasa kikiwa kimelegea nusu. Funga mlango taratibu sana huku ukitazama ukingo wake wa nyuma. Ukipanda wakati wa kushika, kipokeo kiko juu. Ukishuka, kiko chini. Mlango unatakiwa uingie bila kupanda wala kushuka. Kipokeo ni cha kushika tu. Wanaokitumia kuinua mlango ulioning'inia wanakula kitasa na bawaba pamoja.

Mbele: rejeta, madigadi, boneti

Fremu ya rejeta iweke kwenye mipira yake bila kukaza. Watu wengi wanaiona kama kitu cha kushikia rejeta tu, kumbe ndiyo usukani wa madigadi zote mbili.

Madigadi ni kazi ya watu wawili. Funika ukingo wa mlango na ukingo wa madigadi kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, tabaka mbili. Ipandishe, uingize kwanza bolti moja ya juu nyuma karibu na kioo, moja ya mbele kwenye fremu ya rejeta, kisha ile ya chini kwenye kizingiti. Zote kwa vidole. Zilizobaki ziingize baadaye, nazo zikae legelege.

Sasa fungua na ufunge mlango, ukitazama mwanya kati yake na madigadi. Mwanya ukiwa mpana juu na mwembamba chini, inua fremu ya rejeta kwa kibati juu ya mpira wake: pua ya madigadi ikipanda, ukingo wake wa juu nyuma unarudi upande wa mlango. Ukiwa mwembamba juu, fanya kinyume, shusha. Hii ni hatua ndogo yenye nguvu kubwa, na nimeona mafundi wazuri wakirefusha matundu kwa grainda kwa siku nzima wakati kibati kimoja mbele kingemaliza. Mwanya ukiwa mpana sawa kutoka juu hadi chini, basi ni madigadi nzima iende nyuma. Na uso wake ukizama ndani kuliko mlango, weka vibati vilivyokatwa kama herufi U nyuma ya bolti za nguzo. Umbo hilo linaingia bila kutoa bolti.

Mpangilio wa kukaza: juu nyuma kwanza, kisha chini nyuma, kisha mstari wa juu kutoka nyuma kwenda mbele, na mwisho fremu ya rejeta. Kila baada ya bolti mbili, fungua mlango. Kuhusu nguvu, tazama vichwani: Toyota huandika namba, 4 kwa bolti laini na 7 kwa ngumu. M6 yenye 4 inatosheka na Nm (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 au 6, M8 yenye 4 na Nm 13. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega.

Boneti ipandishwe ikiwa haina kitasa. Bolti za bawaba upande wa boneti zinaipeleka mbele na nyuma; za upande wa bodi zinapandisha na kushusha ukingo wa nyuma. Mara ya kwanza usiiachie. Ishushe kwa mikono miwili huku mwenzako akiwa ameinama kwenye kona ya nyuma, macho yakiwa usawa wa bati, tayari kusema simama. Kona hizo mbili ndizo zinazogonga madigadi na kukunja boneti nzuri. Ukingo wa mbele unapangwa kwa zile raba za kuzungusha, si kwa kitasa. Kitasa kinakuja mwisho, kikiwa katikati kabisa, na kabla hujatoka garajini jaribu ndoano ya pili ya usalama: fungua kitasa, vuta boneti juu kwa nguvu, ndoano ishike. Boneti inayoruka mbele ya kioo kwenye barabara ya Kasumbalesa, kati ya malori, inaua.

Grili, taa na bampa zinafuata bila shida kama vilivyotangulia viko sawa.

Kasha la mizigo

Kasha lina kanuni yake: liko huru na kabini, na lazima libaki huru. Kwenye njia mbovu chesisi inajipinda, kabini inaenda huku, kasha kule. Acha mwanya wa sentimita 2.5 hivi kati yake, na usiupunguze kwa uzuri. Ujaribu hivi: pandisha gurudumu moja la mbele juu ya tofali au gogo la sentimita 20, nenda ukatazame nyuma ya kabini. Kona zikikaribiana sana, rudisha kasha.

Kabla ya kukaza bolti zake, funga mlango wa kasha. Kuta mbili za kasha hupanuka zikiwa wazi, na mlango ndio unaozishika kwenye upana wake. Ukikaza ukiwa wazi, hautafunga tena bila teke.

Kufungua tena kwa ajili ya rangi

Yote hayo yamefanyika kwenye bati lenye rangi ya msingi tu. Sasa unafungua, na hapa kuna ufundi utakaokuokoa. Bawaba zikiwa zimekazwa mahali pake, toboa matundu mawili ya milimita 3 yanayopita kwenye jani la bawaba na kuingia kwenye nguzo. Fanya hivyo pia upande wa mlango na kwenye bawaba za boneti. Baada ya rangi, unaingiza mashina ya biti ya milimita 3 kwenye matundu hayo, unakaza bolti, unatoa biti. Mlango umerudi palepale. Matundu yanazibwa kwa rangi na grisi. Vibati vyote vifungwe kwa waya kwenye bolti yake, na karatasi ya jina: madigadi kushoto, juu nyuma, viwili.

Rangi ina unene. Rangi ya msingi, rangi yenyewe na vanishi vinafika robo ya milimita hivi kwa kingo mbili zinazotazamana, na mastiki iliyoachwa nene ukingoni huongeza zaidi. Kingo ziwe na mastiki kidogo iwezekanavyo, au zisiwe nayo kabisa. Paka pia nyuma ya madigadi, ndani ya milango na kwenye matundu ya bolti, kwa sababu kutu ya gari la kwetu inaanzia upande usioonekana. Fungua kwa waya matundu ya kutolea maji chini ya milango. Yakizibwa na mastiki, mlango unakuwa ndoo msimu mzima wa mvua.

Kufunga kwa mwisho

Iache rangi ipate ugumu kwa siku ambazo mtengenezaji wake ameandika kwenye kopo. Funika kingo kwa utepe, vua saa na mkanda wenye chuma, ufunge kwa mpangilio uleule. Kila bolti ipate grisi kidogo kwenye nyuzi. Mafuta machafu ya injini yasikaribie mipira.

Nyaya za masi, zile zinazounganisha bodi na chesisi na hasi ya betri, zinasahaulika kuliko kitu chochote. Kabini imekaa juu ya mpira na sasa kila kitu kimepakwa rangi mpya, kwa hiyo umeme hauna njia ya kurudi. Kwangua rangi chini ya kila kichwa cha waya mpaka chuma king'ae, kaza, halafu funika kwa grisi. Taa hafifu na waipa zinazojikokota baada ya rangi mpya kwa kawaida ni hilo tu.

Mipira ya milango ivalishwe mchana, baada ya kuianika juani, inapokuwa laini na kufuata kona. Kisha weka noti kati ya mpira na mlango, funga, uvute. Itoke kwa ubishi. Inapotoka bure, hapo ndipo vumbi litakapoingia. Paka mpira chaki, funga mlango mara moja, fungua: mstari wa chaki kwenye nguzo ukikatika, umeona tundu. Kabla ya kutandika sakafu, mwagia maji ya mpira kuanzia chini kwenda juu, dakika kadhaa kila eneo, mwenzako akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu hutajua maji yameingilia wapi.

Endesha wiki mbili kwenye njia zako za kawaida, halafu rudia spana. Anza na bolti za kabini, maana mipira mipya hulala, kisha bawaba, kisha fremu ya rejeta. Kasha likague baada ya mzigo mzito wa kwanza. Chochote ulichoweka chini yake, mbao au mpira, kitakuwa kimebanwa, na bolti zake zitahitaji robo mzunguko.